Cheti cha Doto

Ukitaja jina la Kulwa mbele ya Msukuma yeyote, swali linalofuata ni moja: Doto yuko wapi? Hawaulizi kwa ubaya. Mapacha ni Kulwa na Doto, aliyetangulia kutoka na aliyemfuata, na Kulwa akija dukani peke yake kununua sukari, mwenye duka lazima achungulie mlangoni kumtafuta mwenzake. Mektilda alikuwa amelijibu swali hilo tangu mwanawe akiwa mgongoni, kanisani, kliniki, kwa fundi cherehani wa pale Somanda, na kila mara alijibu neno lilelile: "Hayupo." Watu wa huku wanaelewa. Hawaulizi la pili.

Safari hii aliyeuliza alikuwa wakili, na Mektilda akajibu, "Yupo."

Ofisi ya Wakili Luhaga ni chumba kimoja kilichopakana na duka la mbegu na dawa za pamba, hivyo mteja huapa huku harufu ya sumu ya wadudu ikimkaa kooni. Luhaga ni mtu wa Itilima, mila anazijua. Alipokisoma cheti cha kuzaliwa cha Kulwa aliinua macho akatabasamu.

"Kumbe wewe ni mama wa mabasa," alisema, akitumia neno la nyumbani la mapacha. "Na Doto yuko wapi?"

"Yupo. Yuko shule na mwenzake."

Akafungua mkoba, akamwekea mezani cheti cha pili. Kilikuwa kipya kama kimetolewa jana. Vyeti vya watoto wanaosoma huchakaa kwa kukunjwa na kutolewa kopi, huloa chai, hupigwa pini kila kona. Hiki hakikuwahi kwenda popote. Wakili alikipokea akakisifu kwa usafi, na Mektilda akatazama chini.

Ukweli ni kwamba Doto alikufa akiwa hajajua hata kukaa.

Mektilda ni mwalimu wa shule ya msingi, na anao ule ugonjwa wa walimu: kila kitu kiandikwe, kipigwe muhuri, kitiwe kwenye faili. Mapacha wake walikuwa hawajaanza hata kukaza shingo alipokwenda kuwachukulia vyeti. Kisha akaenda nao Nkololo kwa mama yake, Bibi Anyes, ili bibi awafurahie wajukuu, na homa ikamkuta Doto hukohuko. Ilimchukua upesi. Mektilda alipofungua kinywa kulia, mama yake alimziba kwa kiganja. Mapacha hawaliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, unamwonyesha njia aliyebaki. Ndivyo walivyofunzwa wazee, na msomi au si msomi, mama aliye na pacha mmoja mkononi hathubutu kujaribu kama ni kweli. Hapakuwa na turubai wala matanga. Wanawake wachache walimzika nyuma ya nyumba, wakanawa mikono, wakarudi jikoni kupika kama siku nyingine.

Kwa kuwa hakuliliwa, hakutangazwa. Kwa kuwa hakutangazwa, hakuna aliyekwenda kwa mtendaji kuandikisha kifo. Huko kwenye mafaili ya serikali Doto alikuwa mzima wa afya, anakua, na kwa hesabu zao alipaswa kuwa darasa la nne.

Mwezi uleule kaka yake Mektilda, Masalu, alifika mlangoni na kichanga ndani ya khanga. Mama wa mtoto alikuwa ameaga anakwenda machimboni Geita kutafuta maisha, na aliyapata au hakuyapata, hakuna aliyemsikia tena. Maziwa ya Doto yalikuwa bado yanalowesha nguo za Mektilda. Alimpokea mtoto bila kuuliza swali hata moja, akakaa chini, akamnyonyesha. Huyo ndiye Milembe. Titi moja la Kulwa, la pili la Milembe, wakakua hivyo, wakigombana hivyo, wakaanza shule wakiwa wameshikana mikono. Milembe alimwita Mektilda mama, kwa sababu hakujua neno jingine la mtu anayemnyonyesha. Baba yake alimjua vizuri: Masalu alikuwa anakuja kila alipopata nafasi, amebeba muwa kwenye baiskeli, mpaka siku lori la pamba lilipomgonga barabarani. Mtoto alikuwa na miaka sita. Shuleni aliandikwa Milembe Masalu, na hilo ndilo jina alilokuwa akiliandika kwenye kila daftari kwa herufi kubwa za kujivuna.

Sasa Paschal, mume wa Mektilda, alikuwa Ulaya. Nchi yenyewe ina jina lake, lakini kwetu Bariadi kila penye baridi na kazi ya kuuguza wazee panaitwa Ulaya. Alikuwa amepata kibali cha kuwaita mke na watoto, na akapiga simu kueleza yanayotakiwa ili watoto wapokelewe shule huko: vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi, kadi za chanjo, ripoti za maendeleo, barua ya uhamisho. Kila jina lifanane na jingine, herufi kwa herufi.

"Na Milembe?" Mektilda aliuliza.

"Mama Kulwa," Paschal alisema, "hawa watu wanataka watoto wetu sisi. Milembe abaki kwa bibi yake kwanza. Tutamfuata baadaye."

Paschal si mtu mbaya. Alikuwa amemnunulia Milembe viatu kila alipomnunulia Kulwa, na hakuwahi kusema huyu wangu, huyu wa shemeji. Lakini Mektilda alilijua lile neno baadaye. Ndilo neno tunalowapa watoto tunapowafungia mlango taratibu ili wasisikie kitasa. Alikwenda kuuliza habari za kuasili mtoto mahakamani, akaambiwa mama mzazi yu hai, lazima apatikane aridhie, na asipopatikana atafutwe kwa utaratibu, na utaratibu una mwendo wake. Kibali cha Paschal hakikuwa na subira hiyo.

Wakati huo Milembe alikwisha kuaga darasa zima. Kamba yake ya kuruka alimgawia rafiki, kwa maelezo kwamba Ulaya wataruka kwenye theluji na theluji haitaki kamba. Mektilda alipoisikia habari ya kamba alikwenda chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa kile cheti kisafi.

Kumwacha ilikuwa dhambi, na kumchukua kwa njia ile ilikuwa dhambi. Akachagua ile ambayo mtoto angekuwa karibu naye. Lakini asidhani mtu kwamba alipokwisha kuchagua alipata raha. Tangu siku ile chakula kilimwia kama mchanga, na kila aliposali usiku ule mstari wa kuomba msamaha aliupita haraka, kama mtu anayempita anayemdai sokoni.

"Mbona shuleni ana jina jingine?" Wakili Luhaga aliuliza, kalamu ikisubiri.

"Alilelewa kwa kaka yangu, wakamwandikisha kwa jina la huko."

Wakili akatikisa kichwa kwa kuelewa. Jambo hilo kwetu ni la kawaida mno; nusu ya watoto wa mkoa huu wamesoma kwa majina ya waliowalisha. Hakuuliza zaidi, na Mektilda aliona haya kwamba uongo wake umepita kwa urahisi kwa sababu ulivaa nguo ya desturi nzuri. Karatasi ikachapwa: mimi, Mektilda, naapa kwamba mwanafunzi anayefahamika kama Milembe Masalu ndiye Doto Paschal, mwanangu wa kumzaa. Akaweka mkono juu ya Biblia. Alipofika kwenye maneno ya kumwomba Mungu amsaidie alishusha sauti, kwa sababu alijua ni msaada gani anaouomba.

Mwalimu mkuu wake, Kasmiri, alikuwa mgumu zaidi, na ugumu wake ulikuwa wa upole. Ni mtu wa kuja, amehamishiwa huku kutoka Kagera, lakini Masalu alipokufa ndiye aliyechangisha rambirambi za walimu na kuzipeleka Nkololo kwa mkono wake. Alikisoma kiapo. Akakirudia.

"Mwalimu Mektilda," alisema, "mtihani uliopita si wewe ulikuwa unakagua watahiniwa mlangoni? Sura na jina, sura na jina?"

"Ni mimi, mwalimu mkuu."

"Na ulimrudisha yule mtoto aliyekuja kumfanyia mwenzake."

"Nilimrudisha."

Kasmiri akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia. Mektilda alisubiri amkemee. Laiti angemkemea. Angejitetea, angelia, angepandisha sauti, na wangeachana wakiwa wamegawana uzito. Kasmiri akagonga muhuri kwenye barua ya uhamisho, akaipuliza wino ukauke, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Yule mtoto ana akili sana," alisema. "Nendeni salama."

Yakabaki mahojiano. Paschal, aliyekubali kwa shingo upande, alisema ubalozini watoto huulizwa maswali madogo madogo, hivyo Mektilda akaanza kumfundisha, na kufundisha anakujua. Jioni baada ya kudeki aliwakalisha wasichana wawili kwenye mkeka.

"Jina lako nani?"

"Doto Paschal."

"Baba yako?"

"Paschal Yakobo. Anauguza wazee."

"Na huyu?"

"Kulwa, pacha wangu. Yeye ni mkubwa kwa dakika chache lakini anajifanya kwa miaka."

Hilo la mwisho hakufundishwa, alilitunga mwenyewe, na Kulwa akacheka mpaka akalala chali. Milembe alikuwa mwepesi kushika kuliko watoto wote ambao Mektilda amewahi kuwafundisha, na wepesi huo ndio uliomuumiza. Angalau angesitasita. Angalau jina la baba yake lingemkwama mara moja kooni. Mektilda akaweka sheria: jina la Milembe halitajwi tena, si mezani, si bafuni, si kwenye michezo. Mtoto akipewa majina mawili ya kuchagua, atalitoa lile lisilotakiwa mbele ya mtu asiyetakiwa.

Alhamisi mtoto wa jirani aliita kutoka nje ya uzio, "Milembe! Njoo!" Na Milembe akageuka, akajibu, "Naam!"

Mektilda alimfinya sikio. Hajui hata mkono ulifikaje huko. Tangu amnyonyeshe hakuwahi kumfinya mtoto yule, na sasa alikuwa amemfinya kwa kosa la kuitikia jina lake.

"Samahani, mama," Milembe alisema, amelishika sikio. "Nimesahau kwamba siyo mimi."

Kulwa alikuwa akiyaona yote hayo kutoka mlangoni. Alisubiri mwenzake atoke, kisha akamsogelea mama yake.

"Mama, na Doto wangu?"

"Doto gani?"

"Yule wa Nkololo. Kama Milembe ndiye Doto, yeye sasa atakuwa nani?"

"Kalete maji," Mektilda alisema.

Kulwa akaenda kuleta maji. Mektilda akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amemlilia mtoto wake, na machozi yalipomjia, akajikuta anauma taulo ili sauti isitoke, maana kiganja cha mama yake kilikuwa bado kipo pale mdomoni.

Jumamosi wakaenda Nkololo kuaga. Bibi Anyes walimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka katikati ya lundo la pamba, anachambua nyeupe na chafu. Magoti yake yalikuwa yamevimba na alikuwa ameyanyoosha mbele.

"Mwadila, mayu," Mektilda alimwamkia, na mama yake akaitikia bila kuacha kuchambua. Wasichana wakapiga magoti, wakabarikiwa, kisha wakakimbilia kwenye ndama.

Mektilda akakaa, akachukua konzi ya pamba, akaanza kuchambua naye. Ni rahisi kusema mambo mazito mikono ikiwa na kazi.

"Mayu, nimempa Milembe cheti cha Doto."

"Umempa nini?"

"Karatasi ya kuzaliwa."

"Karatasi ya kuzaliwa naijua, hata mimi wamenipa. Nakuuliza, ndani yake umempa nini?"

"Jina. Na wazazi."

"Wazazi gani?"

"Mimi na baba Kulwa. Bila hivyo hawamruhusu, mayu. Nimehangaika kote. Ilikuwa ama hivyo, ama nimwache."

Bibi Anyes akaendelea kuchambua. Pamba nyeupe kulia, chafu kushoto. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Masalu yuko pale, unapaona. Shamba lake analima mtu mwingine. Ng'ombe wake waliisha na ule ukame. Kaacha kitu kimoja kinachotembea, na kinaitwa kwa jina lake."

"Najua, mayu."

"Hujui. Ungejua ungekuja kwangu kabla ya kwenda kwa wakili."

Hapo alimpata. Mektilda alikuwa na majibu ya Paschal, ya Kasmiri, hata ya Mungu alikuwa ameyaandaa kiasi fulani. La mama yake hakuwa nalo. Machozi yakamlengalenga.

"Nilijua ungekataa," alisema. "Nisamehe. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuja."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi sema neno nimwache. Nitamwacha hapa leo. Sema tu."

Maneno yalipomtoka Mektilda alijisikia vibaya zaidi, kwa sababu alitambua ameyasema ili mzigo uhamie kwenye mabega mengine. Mama yake akamtazama, akatazama magoti yake mwenyewe, akatazama kule kwa ndama ambako wasichana walikuwa wanapokezana kushika mkia.

"Nimfikishe wapi mimi, na miguu hii?" alisema. "Aende asome." Akachambua kidogo. "Lakini niambie, Mektilda. Yule wa kwanza nilikuziba mdomo wewe. Huyu wa Masalu naye anaondoka hivihivi, hakufa, hakuolewa. Mimi nani ananiziba?"

Mektilda alimshika mama yake mkono, na pamba ikabaki katikati ya viganja vyao.

Baada ya kula Bibi Anyes alijiinua kwa kushikilia nguzo. "Njooni mumuage mwenyewe," alisema, na akawatangulia polepole kwenda kaburini kwa Masalu. Ni kaburi la saruji, lipo kando ya mikonge, msalaba wake umepakwa rangi nyeupe. Bibi aliinama akang'oa majani mawili matatu yaliyoota pembeni. Kulwa, ambaye hana shida ya kuongea popote, akatangulia.

"Mjomba, tunakwenda Ulaya," alisema. "Baki salama."

Milembe hakusogea. Alisimama akiwa amekunja uso, kama anapopewa hesabu ya maneno ubaoni, na midomo yake ikicheza. Kisha akamvuta Mektilda nguo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ni kaka yako?"

"Ndiyo."

"Na mimi ni mtoto wako wa kunizaa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na kwangu mimi ni mjomba?"

Hakuna aliyemfundisha hilo. Mektilda hakuwahi hata kulitaja jina la Masalu pale mkekani, asingeweza. Mtoto alikuwa amekokotoa mwenyewe, kwa ile akili aliyosifiwa na mwalimu mkuu, na sasa alikuwa ameinua uso anasubiri kusahihishiwa.

Pale hapakuwa na mtu wa ubalozi. Walikuwa wao wanne tu na ndama. Mektilda angeweza kumwambia hapana, hapa mwite baba, mwite mara ya mwisho, mwite kwa nguvu. Neno lilimfika mdomoni. Lakini alilikumbuka lile "Naam!" la Alhamisi, na mahojiano yalikuwa wiki inayofuata, na alimjua mtoto huyu: akiambiwa kuna mahali ambapo bado ni Milembe, atapatafuta mahali hapo kila siku ya maisha yake. Hakuthubutu kumtazama mama yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni mjomba."

Milembe akafurahi kwamba amepata. Akashusha gauni lake vizuri, akasogea karibu na saruji, akapiga magoti yote mawili kama mtoto wa kike aliyelelewa.

"Shikamoo, mjomba."

Akabaki vilevile, ameinamisha kichwa, kwa sababu amefunzwa kwamba mtoto hainuki mpaka mkubwa aitikie. Kulwa akamtazama mama yake, akamtazama bibi.

Bibi Anyes akayaachia yale majani mkononi, akasafisha koo, akamwitikia kwa niaba ya mwanawe.

"Marahaba, mpwa wangu," alisema. "Inuka, uende."